Rakaa Nne za Adhuhuri

Viatu vya wanawake vilianzia getini, nikajua nimechelewa. Shangazi Zuwena alikwisha kuzikwa asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimekwama kwenye barabara ya Bawshar nyuma ya malori, nikilia na kuyatukana malori kwa zamu. Sebuleni walikaa kuzunguka kuta zote nne, juzuu mikononi, tende zinapita, kahawa inapita, na bibi mmoja nisiyemjua alikuwa akimhadithia jirani yake kisa ninachokijua kuliko ninavyolijua jina langu. "Huyu ndiye yule aliyefiwa na mume naye yuko kwenye msala," alisema. "Mume anakata roho chumba cha pili, mke amesujudu. Khatima gani hiyo, mwenzangu!" Watatu wanne wakaitikia mashaallah kwa pamoja. Nilipokea kikombe changu nikakishika bila ya kunywa. Kisa hicho kimetembea katika nyumba zetu za Maskati miaka mingi, kimetolewa mfano kwenye mawaidha ya wanawake, na mabinti wameolewa wakiambiwa wawe kama Bi Zuwena. Mimi ndiye mtu pekee aliyepewa nafasi ya kujua kama kilikuwa kweli, na nafasi yenyewe niliikimbia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Habari za Bujumbura na kwa nini tuliondoka nitaziacha. Nilifika Maskati na sanduku moja, karatasi zangu zikiwa bado ziko ofisini zinazungushwa, sina kazi, sina shule, na ujuzi wangu wote ulikuwa Kifaransa, lugha ambayo hapa haikumfaa mtu hata kununulia vitunguu. Ami Saleh, mume wa shangazi, alikuwa amefariki wiki tatu kabla, na shangazi amekaa eda. Wazee wakaona mambo mawili yamekutana: mjane anahitaji wa kukaa naye, na msichana anahitaji pa kukaa. Nikapelekwa kwake Bawshar, enzi hizo nyumba zikiwa chache na vumbi jingi. Nakumbuka nyumba ile kwa mstari: mbele majlisi ya kupokelea wageni, ambako Ami Saleh alikata roho na mto wake uliachwa pale pale ukutani, umebonyea mahali pa kiwiko chake, katikati ukumbi mrefu wenye saa, ndani kabisa chumba cha shangazi, na msala wake haukunjwi. Kutoka kwenye msala mpaka mlango wa majlisi ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu siku moja peke yangu, wala sikujiuliza kwa nini nahesabu.

Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa iliki. Miezi minne na siku kumi, nguo moja rangi ya majivu, bila wanja, bila udi, bila kuvuka geti. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi na mchuzi wa papa, na ilipofika alasiri alikuja Bi Raya. Huyu alikuwa dada wa Ami Saleh, wifi yake shangazi, anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu. Alikuja kila siku na bakuli lililofunikwa, na macho yake yalitangulia bakuli. Kiswahili changu cha Bujumbura kilimfurahisha kupita kiasi. Nikisema kitu, humgeukia shangazi: "Zuwena, kasema nini mtoto wa mwitu huyu?" Nilimchukia kwa moyo mmoja, kama anavyochukia kijana. Siku hizo sikufikiria hata mara moja kwamba yule naye alikuwa amefiwa, kwamba Saleh alikuwa kaka yake wa pekee.

Kwenye nyumba ya jirani walikuwa wakipanga Wafaransa wawili, bwana mhandisi na mkewe. Walipomaliza mkataba wakaondoka, wakatuachia sufuria, feni moja, na katoni la kanda za vidio. Shangazi alilitazama katoni siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Bawshar nzima imelala, akaniambia nifunge pazia. "Mie kutoka siwezi," alisema. "Basi huko nje kuje humu. Wewe lugha yao waijua, utanambia." Nikamuuliza kama inafaa kwenye eda. "Mapambo ndiyo yaliyokatazwa. Hawa wamepambwa wao, mie sikupambwa." Tukapunguza sauti mpaka ikawa ya kunong'ona. Yeye alikaa chini na sinia la mchele, anachagua. Mimi nilikaa karibu na sikio lake, nafasiri mstari kwa mstari. Bi Raya angejua, ingekuwa habari ya mtaa mzima.

Kanda ya kwanza niliyoitoa ilikuwa na picha ya nyumba kubwa kando ya mto, na chini yake imeandikwa kwamba filamu imetolewa kwenye riwaya. Hakuna bunduki, hakuna mbio za magari. Mke wa mwenye duka la dawa yuko jikoni anamenya mbatata. Mumewe, mgonjwa wa moyo, ameteremka chumba cha chini ya nyumba kuchukua kitu, na huko ameanguka. Anagonga bomba la maji kwa pete yake. Bomba linapita jikoni. Sisi watazamaji tunalisikia, nko, nko, nko, na tunaona mikono ya yule mwanamke, ganda la mbatata linashuka refu halikatiki. Mbatata inakwisha, anachukua nyingine. Kisha kimya. Baadaye anakuja mpelelezi, mtu mnene mpole, na haulizi kitu. Anakuja kila siku, anakaa jikoni, anakula anachopewa, anazungumzia hali ya hewa. "Huyu askari hana mke?" shangazi aliuliza. "Kila siku kula kwa watu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele tangu bomba lilipoanza kugongwa.

Hatukumaliza siku hiyo, kwa sababu adhana ya alasiri ilitukuta katikati na bakuli la Bi Raya lilikuwa njiani. Kwa siku kadhaa tuliitazama hivyo vipande vipande, na kila siku shangazi alitaka turudi mwanzo. "Nirudishie pale jikoni." Nilianza kuchoka na zile mbatata. Katika siku hizo hizo nilikuwa jikoni kwetu naosha vikombe, na Bi Raya amekaa barazani nje ya dirisha na binti yake Asya, anadhani nimelala. "Fundi aliyekuwa anapaka rangi kwa jirani alimsikia," Bi Raya alisema. "Kaka yangu kaita mara tatu. Zuwena, Zuwena, na ya tatu ndefu. Fundi juu ya ngazi kasikia, aliye ndani hakusikia?" Asya akamwambia, "Mama, alikuwa anasali." Bi Raya akamjibu, "Adhuhuri ina nini, Asya? Rakaa nne, na kwa madhehebu yetu ni Alhamdu tupu, sura hatusomi. Mchuzi wa kuku haupoi. Nambie mwanamke gani anasali adhuhuri mpaka mtu anapoa." Nilifunga bomba la maji polepole ili wasijue nipo. Mikono yangu ilinuka sabuni na iliki, na harufu hizo mbili zikikutana mpaka leo nageuka kutazama nyuma.

Basi nilijua. Au nilijua vya kutosha kuogopa. Ami Saleh, kila mtu alisema hivi kwa mapenzi, alikuwa mtu wa kuita. Zuwena, maji. Zuwena, feni. Zuwena, njoo unitazamie hii barua imeandikwa nini. Siku moja ndani ya mwaka, mwanamke amemaliza sala, amekwisha kutoa salamu, amekaa juu ya msala, goti linamuuma, na anaitwa tena. Nani asiyeweza kuifikiria siku hiyo? Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikutaka kuifikiria. Nilitaka shangazi awe shangazi, anipikie, anisuke nywele, na karatasi zangu zitoke.

Siku tuliyofika mwisho wa kanda kulikuwa na joto lililowafanya hata kunguru wanyamaze. Mpelelezi amekuja mara ya mwisho. Kesi imefungwa, daktari ameandika moyo, hakuna mahakama duniani ya kumshitaki mtu kwa kumenya mbatata. Amevaa koti, ameshika kofia, yuko mlangoni, ndipo anageuka na kumuuliza yule mwanamke swali ambalo hakuliuliza filamu nzima. Nikafasiri: "Anamuuliza, ulimsikia?" Shangazi aliweka sinia chini. Hakunitazama, aliitazama televisheni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama mbele ya mlango anangoja ufunguliwe. Yule mwanamke akatikisa kichwa kuitikia, akasema kwa sauti ndogo, maneno mepesi ambayo mtoto wa darasa la kwanza Bujumbura angeyaelewa: Nilimsikia. Nilimsikia tangu mwanzo. Na mimi nikasema, "Anasema hakumsikia. Anasema maji yalikuwa yanamwagika."

"Hakumsikia?"

"Hakumsikia, shangazi."

"Mbona kaitikia kwa kichwa?"

"Ndiyo ada yao Wafaransa," nikasema. "Wakikataa huitikia."

Aibu ya jibu hilo ningali nayo. Hata lilivyokuwa la kijinga halinichekeshi. Shangazi alikaa vile vile mpaka maandishi ya mwisho yakapita yote na televisheni ikabaki inachuruza rangi ya buluu. Halafu akasema, "Kila watu na ada zao," akalichukua sinia lake akaenda jikoni. Mchele ulikuwa umechaguliwa tangu jana yake, hauna hata chuya moja. Kanda hatukuitazama tena, yeye mwenyewe aliitia ndani ya katoni na katoni akalisukuma uvunguni. Nilijisifu. Nilidhani nimemwokoa, nimefunga dirisha kabla baridi haijaingia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Maskati, Kifaransa changu kilikuwa kimefanya kazi.

Baada ya hapo aliniita kwa njia za pembeni, na kila mara nilijua. Tuko juu ya sinia la wali, ananiambia, "Rukia, mtu akizoea kuitwa kwa ajili ya feni, siku nyingine si atadhani ni feni?" Mimi namwambia papa leo ametoka vizuri. Anakunja nguo za Ami Saleh za kutoa sadaka, anasimama na kanzu mkononi, anaanza, "Siku ile mie nilikuwa..." Mimi nakumbuka kwamba nimeacha chai motoni. Chai haikuwa motoni. Nilikuwa hodari wa kukumbuka vitu. Na yeye hakulazimisha, kwa sababu mkubwa hamng'ang'anii mdogo. Anafungua mlango mara moja, mara mbili, asiyeingia basi. Alikuwa na watu wengi wa kumpa pole na hata mmoja wa kumsikiliza, na eda ilikuwa inakwisha. Eda ikisha nyumba ingejaa wageni, na kile kisa cha msala kingekuwa kimekauka kama saruji.

Miaka mingi baadaye, mambo yangu yakiwa yamekaa sawa na nasafiri kikazi, niliiona ile riwaya kwenye sanduku la vitabu vikuukuu nje ya duka moja mji wa mbali, jalada limechanika. Niliisoma hotelini kwa siku moja, nikitafuta ukurasa wa mwisho tangu ule wa kwanza. Kumbe kwenye kitabu mambo siyo yale. Mpelelezi hamwulizi. Yule mwanamke mwenyewe ndiye anayefuta mikono na kumwambia, "Bwana, ngoja kidogo," na mpelelezi, ambaye amekula kwake wiki tatu, anavaa kofia yake na kutoka haraka, anajifanya amechelewa gari moshi. Mwandishi anasema tu kwamba mvua ilianza kunyesha. Waliotengeneza filamu waliona labda huo ni ukatili kupita kiasi, wakampa mwanamke nafasi ya kusema. Mimi nikamnyang'anya. Nilikiacha kitabu juu ya kitanda cha hoteli, na msichana wa usafi akanikimbilia nacho mpaka chini.

Mwaka ule wa eda, siku moja kabla ya kutoka, shangazi aliamka uso umemsawijika. Wanawake wangekuja kesho yake kumwogesha na kumfukiza udi, Bi Raya alikwisha kuleta mbuzi. Mchana tulikula wali baridi, kila mmoja na mawazo yake, kisha akaniambia nikasali kwenye chumba chake, yeye atatangulia majlisi kupanga mito. Nikasali juu ya msala wake. Rakaa nne, Alhamdu tupu. Nikatoa salamu. Na hapo nikamsikia.

"Rukia!"

Sauti ilitoka majlisi, ikapita ukumbini, ikapita saa.

"Rukia! Njoo, mama. Nna neno nataka kukwambia."

Alikuwa hakuniita hivyo hata siku moja, mama. Nilikuwa nimemaliza. Miguu yangu ilikuwa mizima, hatua ni kumi na moja, na mlango ulikuwa wazi. Nilishika tasbihi yake iliyokuwa pale, nikaanza kuvuta punje moja moja. Niliogopa kwamba nikiingia nitatoka mtu mwingine, na shangazi naye atakuwa mtu mwingine, na nyumba ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Akaita mara ya tatu, na ya tatu ilikuwa ndefu. Nikavuta punje thelathini na tatu. Nilipokwenda, nilimkuta amekaa chini ukutani pale pale penye ule mto uliobonyea, mikono juu ya magoti.

"Samahani, shangazi," nikasema. "Nilikuwa nasali."

Alininyanyulia macho. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo walionipenda na walionidanganya, lakini hakuna aliyenitazama kama vile, kwa kunijua hivyo. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alinyoosha mkono nimwinue, akajikung'uta nguo yake ya majivu, akasema, "Allah akutakabalie sala yako, mwanangu." Na kesho yake akatoka eda, akafukizwa, akala na watu. Tuliishi tukipendana miaka yote iliyofuata. Alinisindikiza siku ya harusi yangu, alinilelea wanangu. Lakini neno lile hakuniitia tena.

Sasa nimekaa sebuleni kwake na kikombe kimepoa. Neema, binti wa Dodoma aliyemuuguza miaka sita ya mwisho, amekuja kukaa karibu nami, macho yamemvimba. "Dada Rukia," ananiambia, "Bibi hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Ukisema tu Bibi, anaitika labeka! Mtu mzima vile, ananiitikia mimi labeka kama mtoto. Hata akiwa anaswali anakatisha. Nikamwambia, Bibi, mimi ni Mkristo lakini najua kwenye swala huwa hamuitiki. Akaniambia, Neema, Mungu hana haraka, mwanadamu ndiye anayeondoka." Neema aliona ni maneno ya hekima, akataka nifurahi nayo. Nilimshika mkono kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama.

Wageni walipopungua, sauti iliniita kutoka kwenye pembe. Ilikuwa ya Bi Raya. Yuko hai bado, kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama furushi la nguo, na macho yake bado yanatangulia. Nilisimama kabla hajamaliza jina langu. Akaniinamisha kwa ncha ya mtandio wangu mpaka sikio langu likawa mdomoni mwake. "Wewe ulikuwa naye mwaka ule," alisema. "Wote wamekwisha. Mie nakwenda. Zuwena hakukwambia kitu? Kaka yangu alitaka nini siku ile?"

Swali hilo alikwisha kuniuliza mara mbili tatu katika miaka hiyo, na jibu langu lilikuwa tayari siku zote, tena la kweli kabisa: hakuniambia kitu. Nilifungua mdomo kulitoa.

"Aliniita aniambie," nikasema. "Nilimsikia, Bi Raya. Nilimsikia tangu mwanzo, nikakaa kitako."

Hakuniachia mtandio. Alinitazama muda mrefu, kikombe chake kitupu kinatetemeka kwenye mkono wa pili, na mhudumu wa kahawa akapita akidhani anakitikisa kwa kuwa ametosheka.

"Basi hajui mtu," alisema, na ndipo nikamwona, kwa mara ya kwanza, akimlilia kaka yake.